Kanisa limenipa kadi ya majina matano. Jina la kwanza nimeandika la jirani yangu Mwislamu, na sasa nashindwa kumtazama usoni

Mama_Gorogoro · Jumapili, saa 3:20 usiku

Hamjambo wadau. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nina duka la nafaka Nyamakima, hapa Nairobi, huu mwaka wa tisa. Nauza mahindi, ndengu, njahi na maharagwe, na yale ya Nyayo ndiyo hutoka sana. Nimeokoka, tena si jana. Wiki tatu zilizopita pasta wetu alihubiri Agizo Kuu, Mathayo 28, pale Yesu anapowatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote, halafu wahudumu wakapita kati ya viti wakigawa kadi. Ni kadi ndogo ya mistari mitano. Unaandika majina ya watu watano ambao hawajampokea Yesu, unawaombea siku arobaini, kisha unawaendea mmoja mmoja. Majina unayanakili tena kwenye kipande cha chini, unakikata na kukirudisha, ili timu ya maombi nayo iwe nayo.

Mstari wa kwanza sikuufikiria mara mbili. Niliandika jirani yangu wa duka. Ni mtu wa Lamu, anauza mchele, tende na viungo. Kati yetu ni ukuta wa mabati tu, nikipiga chafya ananiombea afya akiwa upande wa pili. Mizani yangu ilipoharibika nilipimia kwake mwezi mzima. Mama alipofariki alifunga duka, akapanda matatu hadi Murang'a, akasimama nyuma ya hema mpaka udongo wa mwisho. Na ile tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano, mji ulipojaa moshi wa vitoa machozi, mimi nilikuwa nyumbani Umoja na mtoto mgonjwa. Yeye ndiye aliyevuta magunia yangu ndani, akanishushia mlango, akakaa mle gizani mpaka jioni.

Miaka tisa, na sijawahi kumwambia neno moja la wokovu. Siwezi kusema ni aibu. Ni kwamba halijawahi kuja. Anajua Jumapili sifungui, nami najua Ijumaa mchana yuko msikiti wa Jamia, ninamwangalizia wateja.

Basi kipande nikarudisha. Jumatatu nikafika dukani, akanisalimia kama siku zote, na mimi nikainamia magunia nikijifanya natafuta kamba. Nilijihisi kama wale wanaokopa kwa simu halafu wanaandika namba yako kuwa mdhamini, wewe unashtukia tu unapigiwa.

Swali langu ni hili. Nisipomwambia, nina deni kwake? Na nikimwambia, huu ukuta wa mabati utabaki kuwa ukuta wa mabati, au utageuka wa mawe? Natafuta hasa waliowahi kufanya. Wenye matusi pia karibuni, mimi ni mtu wa soko.

Mlinzi_wa_Zamu · Jumapili, saa 4:05 usiku

Dada, swali lako lilijibiwa zamani. Soma Ezekieli 33. Mlinzi akiona upanga unakuja, asipopiga tarumbeta, damu ya waliokufa inatakwa mkononi mwake. Mimi ni askari wa usiku, kwa hiyo andiko hilo nalielewa kwa tumbo. Ukilala lindoni jengo likavunjwa, hakuna anayekuuliza kama ulikuwa na uhusiano mzuri na mwizi.

Mchana mimi huhubiri pale mjini, nje ya jengo la Archives, saa ya chakula, watu wa ofisi wakitoka. Wengi hupita. Wengine huongeza sauti ya vile vitu vya masikioni nikiona. Kuna mmoja alikuwa akisimama ukutani na mahindi yake ya kuchoma, miezi minne, hasemi kitu. Siku ya kwanza kufungua mdomo aliniuliza, "Wewe hula saa ngapi?" Akaninunulia chai. Sasa tunasoma Biblia pamoja kila Alhamisi. Mtu huyo angesikia wapi kama ningekaa kimya nikisubiri "lije"?

Wewe unamwachia mtu ufunguo wa duka lako lakini unamnyima uzima. Huo si urafiki.

Konda_wa_Kayole · Jumapili, saa 4:11 usiku

Mlinzi, nakuheshimu, lakini acha niwape siri ya steji. Mnafikiri makanga tunawaruhusu wahubiri waingie garini kwa sababu tunampenda Yesu? Gari likichelewa kujaa, abiria waliokaa wanaanza kuteremka waende gari la mbele. Mhubiri akiingia na kusema tuiname tuombe, nani atateremka katikati ya maombi? Ananishikia watu. Mahubiri dakika tano, sadaka dakika mbili, gari limejaa, mhubiri anashuka, twende.

Juzi mmoja amesema hata M-Pesa inapokelewa, na namba ameibandika nyuma ya Biblia.

Asiye_na_Kanisa · Jumapili, saa 4:40 usiku

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ingetosha niishie hapo.

Lakini tuhesabu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Kwa hiyo hao wa Archives, wa kwenye basi, wa spika juu ya gari saa kumi na moja alfajiri, wanamhubiria nani? Wanahubiriana. Nyumbani kwangu nimegongewa mlango na makanisa manne mwezi mmoja, na kila moja lilikuja kunitahadharisha dhidi ya yale mengine matatu. Kanuni za kelele zipo tangu 2009 na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo inayozisimamia, jaribu tu kupiga simu uone kama kuna mtu anataka kugombana na mtumishi wa Mungu.

Halafu 2023, katika msitu wa Shakahola, tukafukua zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa. Wale watu hawakuingia msituni wenyewe. Kuna mtu aliwaendea, akawapenda, akawaombea. Mimi nikiona kadi ya majina siku hizi natoka jasho.

Mama_Gorogoro · Jumapili, saa 4:58 usiku

Asiye na Kanisa, Shakahola sina la kukujibu, inaniuma nami.

Ila kuhusu chema chajiuza, huyo aliyesema hakuwahi kuuza maharagwe. Maharagwe hayajiuzi. Nikikaa kimya mteja anapita. Lakini pia nikimshika mkono anapita kwa kasi zaidi. Ninachofanya ni kufungua mdomo wa gunia, namwacha atie mkono ndani kabisa hadi kiwiko, atoe yale ya chini ayaone. Wafanyabiashara wabaya hupanga mazuri juu. Sijui kama nimejibu.

Konda_wa_Kayole · Jumapili, saa 5:02 usiku

Mama umejibu. Na bei ya Nyayo sasa ni ngapi kwa gorogoro, ule mkebe wako wa kupimia?

Kitabu_Wazi · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Nafundisha somo la dini ya Kikristo sekondari, na nimechoka kusahihisha insha zinazosema kiini cha Agizo Kuu ni "enendeni". Katika Kigiriki cha Mathayo 28:19 kitenzi kikuu cha kuamuru ni kimoja: wafanyeni kuwa wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha vyote vimeegemea hapo. Na mwanafunzi wa zama zile hakupewa hotuba akaachwa. Alikaa na mwalimu, akala naye, akamwona akichoka, akamwona akikasirika. Anayeandika kwenye ripoti kwamba leo amefikia watu mia, hata hajaanza kuhesabu.

Lakini Mama Gorogoro, usikimbilie upande wa pili ukajificha nyuma ya wema. Kuna msemo unaopendwa sana makanisani, kwamba tuhubiri Injili daima na maneno tuyatumie ikibidi tu, na kila mtu husema ni wa Fransisko wa Asizi. Katika maandishi yake haumo. Fransisko alikuwa mtu wa kusema. Mwaka 1219, vita vya msalaba vikiendelea, alivuka kwenda kambi ya Sultani al-Kamil kule Misri, bila silaha, akazungumza naye. Sultani hakubatizwa. Fransisko hakuuawa. Waliachana kwa heshima, na mimi huona hiyo ni habari kubwa kuliko angebatizwa, ingawa mkuu wetu wa idara hakubaliani nami. Paulo naye kwa Warumi anauliza, "Tena wamsikieje pasipo mhubiri?" Swali hilo halijibiwi kwa kumpimia mtu mizani.

Tazama Filipo katika Matendo 8. Anamkuta towashi wa Ethiopia garini akisoma Isaya. Neno lake la kwanza ni swali: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Na kupanda garini hakujipandisha, alikaribishwa. (Konda, sikia hapo.) Petro naye anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Awaulizaye! Mtu haulizi habari za tumaini ambalo hajawahi kuliona likifanya kazi. Jirani yako ameliona miaka tisa. Labda kilichobaki ni kumpa nafasi ya kuuliza.

Na hiyo miaka tisa isikutishe. Krapf, yule mmishenari Mjerumani, aliingia Mombasa 1844. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaanzisha kituo Rabai. Aliondoka 1853 kwa ugonjwa, miaka tisa kama yako, na waliobatizwa ungewahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kadi ya Krapf ingerudishwa kanisani karibu tupu.

Asiye_na_Kanisa · Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Mwalimu, umetaja Wajerumani wawili na Mwitalia mmoja. Ndiyo shida yenyewe.

Kitabu_Wazi · Jumatatu, saa 2:03 asubuhi

Haya, chukua Mkenya. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, kanisa la Presbiteri, wakati huo, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani, katika nchi iliyokuwa ikituletea wamishenari, akasema wamishenari na fedha zao visimame kwa muda, ili kanisa la Afrika lijue kusimama. Walikasirika kweli. Lakini Gatu hakusema Injili isimame. Alisema anayeibeba awe na miguu yake mwenyewe. Naingia darasani.

Mwana_Pumwani · Jumatatu, saa 6:30 mchana

Assalamu alaykum. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Pumwani, karibu na msikiti wa Riyadha. Nimesoma yote kabla ya kujibu kwa sababu jirani wa Mama Gorogoro hayuko humu kujisemea.

Kwanza, kutaka kunieleza dini yako si tusi. Kwetu daawa, yaani kuwaita watu kwenye dini, ni wajibu vilevile. Suratun Nahl aya ya 125 inatuambia tuite watu kwa hekima na mawaidha mema, na tujadiliane nao kwa namna iliyo bora. Nimekua nikisikiliza mihadhara, mashekhe na wahubiri wamesimama uso kwa uso, Biblia na Kurani mikononi, vijana tunashangilia kama tuko uwanjani. Sijaona mtu akihama dini pale. Nimeona watu wakihama marafiki.

Kinachoniudhi mimi ni unga. Mwaka 2020, wakati wa Corona, kikundi fulani kilikuja mtaani kwetu na unga na mafuta ya kupikia. Tulikuwa na njaa, tukapokea, tukawaombea heri. Wiki mbili baadaye wakarudi na vijitabu, na daftari lao lilikuwa na alama mbele ya kila nyumba iliyopokea. Mama yangu alilia. Hakulia kwa sababu ya dini, alilia kwa sababu alikuwa amewaombea kwa moyo wake wote na kumbe alikuwa akitia sahihi.

Kwa hiyo dada, jirani yako akijua kuhusu kipande cha kadi kutoka kwa mtu mwingine, kila tende uliyowahi kula kwake itageuka. Akijua kutoka kwako, sijui. Mimi ningecheka, halafu ningeuliza mbona umechelewa miaka tisa.

Na kwa taarifa tu: Injili, imani, dini, sala, dhambi. Maneno yote mnayotumia kutuhubiria yaliingia kwenye Biblia yenu yakitoka vinywani mwa Waswahili Waislamu. Kwa hiyo mnatuhubiria kwa maneno yetu wenyewe. Karibuni sana.

Mlinzi_wa_Zamu · Jumatatu, saa 7:10 mchana

Mwana Pumwani, wa alaykum salaam. Habari ya unga imenigusa, na hao walikosea. Sitakubaliana nawe kuhusu Yesu, lakini kuhusu daftari tuko pamoja.

Lejio_Eastlands · Jumatatu, saa 8:45 usiku

Mimi ni Mkatoliki, mwanachama wa Lejio ya Maria, chama cha waumini wa kawaida ndani ya Kanisa. (Si lile kanisa la Legio Maria lililojitenga miaka ya sitini. Kila mara lazima nieleze.) Habari ya daftari na unga imenikumbusha sheria yetu moja ambayo wanachama wapya huilalamikia: mlejio akienda kutembelea nyumba haruhusiwi kutoa msaada wa vitu. Hata sukari. Nilidhani ni ukatili mpaka niliposoma hapa.

Tunakwenda wawiliwawili, kila wiki, nyumba kwa nyumba. Aliyeleta kazi hii Nairobi ni Edel Quinn, msichana wa Ireland aliyekuja 1936 akiwa na kifua kikuu, madaktari wakiwa hawampi muda mrefu. Alizunguka Afrika Mashariki yote hivyo hivyo akikohoa, akafa hapa Nairobi Mei 1944 akiwa na miaka 36. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya wamishenari, St. Austin's. Mimi huenda pale nikivunjika moyo, maana nyumba tunazotembelea Jumamosi ni zile ambazo kengele hailii na mbwa hulia.

Sisi Wakatoliki kwa kusema ukweli wengi tunaona kushuhudia ni kazi ya padre au ya walokole. Tuna jumuiya ndogo ndogo, maaskofu wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele tangu miaka ya sabini, watu kumi au kumi na tano wa ploti moja wasome Neno sebuleni. Ya kwetu imegeuka kuwa mahali pa kukusanya michango ya harusi.

Shosho_wa_Kabete · Jumanne, saa 3:00 usiku

Ninasema, mjukuu anaandika. Bwana asifiwe.

Mimi niliokoka 1958, katika uamsho. Nyinyi vijana mnafikiri uamsho ni spika. Huu ulianzia kule Gahini, Rwanda, na Uganda, ukafika kwetu Kabete mwishoni mwa miaka ya thelathini. Hatukuwa na spika. Tulikuwa na wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza, ambao hata hatukuelewa maneno yote, na tulikuwa na kuungama. Mtu akiokoka hakuambiwa aende kushuhudia. Aliulizwa, "Ndugu, una deni la nani?"

Baba yangu mdogo alikuwa ameiba jembe kwenye shamba la mzungu Limuru. Miaka sita amelilimia. Alipookoka alilibeba begani, mchana, kupitia sokoni, na kila aliyemuuliza unaenda wapi alimwambia. Mzungu alidhani amerukwa na akili, akalichukua. Sijui kama yule mzungu aliokoka, lakini sokoni waliokoka watu. Hakuwahubiria. Waliuliza kuhusu jembe. Na nyakati za hali ya hatari, miaka ya hamsini, ndugu wengine walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa na bunduki ya serikali, wakauawa, kwa sababu walisema wamekunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine. Hao ndio ninaowakumbuka mkisema neno mashahidi.

Sasa binti yangu muuza nafaka. Nimekusikiliza. Una moyo mzuri, na huyo wa Lamu Mungu anamjua. Lakini nimesikia una mtoto. Nimesikia Jumapili hufungui duka, uko kanisani, na Jumatatu unafika mapema. Mtu anakusaidia nyumbani, si ndiyo? Yeye anaenda kanisa siku gani?

Konda_wa_Kayole · Jumanne, saa 3:04 usiku

Shosho!!!

Asiye_na_Kanisa · Jumanne, saa 3:09 usiku

Kwa mara ya kwanza nataka kusema amina.

Mama_Gorogoro · Jumanne, saa 3:40 usiku

Shosho shikamoo. Ninaye dada wa kazi, miaka mitatu sasa. Ni msichana wa Busia, anaheshimika kwangu, anakula tunachokula, mshahara haujawahi kulala. Jumapili anabaki na mtoto mdogo kwa sababu ibada yetu ni ndefu na mtoto analia. Anapika ili tukirudi tukute chakula. Hajawahi kulalamika. Na yeye ameokoka, alikuja na Biblia yake, kwa hiyo sidhani anahusika na mambo ya kadi.

Shosho_wa_Kabete · Jumanne, saa 3:52 usiku

Mjukuu anasema nisiandike mengi. Hajawahi kulalamika kwa nani?

Wakili_wa_Ploti · Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Naingilia kidogo tu kwa sababu hakuna aliyetaja sheria. Ibara ya 32 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuabudu na kufundisha imani yake, peke yake au na wenzake, hadharani au faraghani. Hiyo ndiyo inayomlinda Mlinzi pale Archives na mashekhe wa mihadhara. Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinamngoja anayetamka maneno kwa kusudi la kujeruhi hisia za dini za mwenzake, kwa hiyo chungeni ndimi. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wafanyakazi wa nyumbani wamo.

Sijamtaja mtu.

Mlinzi_wa_Zamu · Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Mimi pia Jumapili huwa lindoni, hata mchana. Kampuni haijui ibada. Nimeanza kuhubiri mchana wa siku za kazi kwa sababu kanisani siwezi kufika. Sijawahi kulisema hilo mahali popote.

Konda_wa_Kayole · Jumamosi, saa 2:15 usiku

Mama Gorogoro amepotea. Mmemfukuza mama wa watu.

Mama_Gorogoro · Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 2:30 usiku

Nipo. Nilikuwa na hasira na Shosho siku nne nzima, nisamehewe.

Nianze na jirani. Alhamisi mvua ilinyesha, wateja hakuna. Nilichukua kadi nikaenda upande wake nikaiweka juu ya gunia la pilipili manga. Nikamwambia yote, kadi, kipande, timu ya maombi. Akavaa miwani. Akaisoma polepole kama risiti. Akauliza, "Hizi siku arobaini ni za nini?" Nikamwambia ni za kumwombea. Akacheka mpaka akashika mizani. "Arobaini kwetu ni ya maiti. Yaani umenisomea arobaini nikiwa hai nauza mchele!"

Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Hicho mnachonitakia ni kitu gani? Niambie wewe, si pasta."

Wadau, miaka yote ya kukariri mistari, na sikukumbuka hata mmoja. Nilimweleza mwaka ule nilioachwa na deni la mume na mimba ya miezi saba, usiku ambao niliomba kwa mara ya kwanza bila kujua ninaomba nani, na jinsi asubuhi niliamka deni likiwa palepale lakini mimi nikiwa na mtu. Nikasema huyo mtu ni Yesu, na kwamba ningependa amjue. Nililisema vibaya, nikirukaruka. Alisikiliza bila kunikata. Naye akanieleza la kwake, baharini, akiwa kijana, dau likijaa maji, na alichotamka. Hilo si langu kuliandika humu. Halafu akaja mteja akitaka gorogoro mbili za ndengu, nikarudi kwangu.

Ijumaa aliniambia tena nimwangalizie duka. Nilimwangalizia. Ukuta ni wa mabati bado. Mwana Pumwani, kweli aliuliza mbona nimechelewa.

Kipande cha kadi nilikwenda kukidai kanisani. Mhudumu alinitazama kama aliyeomba sadaka irudishwe. Ameniambia majina yalishaingizwa kwenye kompyuta. Tunaendelea kuongea.

Sasa Shosho. Jirani alipoisoma ile kadi, aliuliza mbona mstari wa tano ni mtupu. Nilikuwa nimekosa mtu. Usiku huo nilimuuliza dada, tukiwa jikoni, kama angependa kwenda kanisani Jumapili. Alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka. Akasema kwao alikuwa kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya, na sasa nyimbo nyingine ameanza kuzisahau. Miaka mitatu anaimba jikoni kwangu na mimi nilidhani ni redio ya jirani.

Leo nimebaki mimi na mtoto. Nimepika mimi, wali ukaungua chini. Dada alitoka saa mbili asubuhi amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona. Alirudi saa kumi na moja jioni, amesukwa upya. Nikamuuliza ibada ilikuwaje. Akasema hakufika kanisani, alipita Kawangware kwa binamu yake kumsalimia, wakakaa, wakasukana, wakacheka, jua likainama.

Nilitaka kusema kitu nikakimeza. Jumapili ijayo pia ni yake. Anasema huenda akaenda kanisani, na huenda akaenda tena Kawangware.